Maji Mekundu ya Alfajiri

Gombolola ya Lunyo imo kusini mwa wilaya ya Busia, nchini Uganda, katika nchi ya Wasamia. Hadi mwaka 1997 ilikuwa sehemu ya wilaya ya Tororo. Na ukivuka mpaka kuingia Kenya utawakuta Wasamia wengine, wenye lugha ile ile na mashamba yale yale ya muhogo na mtama. Katika vijiji vya pande hizo, kama ilivyo katika makao mengi ya askari na jamaa zao, maji ya nyumbani hutoka katika kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine na kufungwa pampu ya mkono. Pampu ikiwa nzima, hakuna anayeitaja. Ikilala, akina mama na watoto hushika tena njia ya kinamasini, na maradhi ya tumbo huwafuata kurudi nyumbani.

Lakini pampu inaweza kuwa nzima na bado ikakimbiwa. Mwanamke anayefika kisimani alfajiri huanza kuvuta mpini, na maji ya kwanza yanayotoka ni mekundu kama udongo wa kichuguu. Akichemshia chai, chai huwa nyeusi. Akisongea ugali, ugali hubadilika rangi. Shati jeupe la shule hupata madoa ya manjano yasiyotoka kwa sabuni, na mke wa askari wa usalama barabarani, ambaye sare ya mumewe ni nyeupe, hulazimika kutafuta maji ya mvua ya kufulia. Kwa miaka mingi malalamiko hayo yalijibiwa kwa maneno machache: ardhi ya huku ina madini ya chuma, zoeeni. Jibu hilo mara nyingine lilikuwa kweli. Mara nyingi halikuwa kweli, na jinsi wahandisi wa mitambo walivyogundua hivyo ni habari inayofaa kusimuliwa, maana kazi ya mhandisi haiishi kwenye kubuni chombo na kukizindua. Sehemu yake kubwa ni kukikalia kitako chombo kilichovunjika na kukiuliza kimevunjikaje.

Pampu iliyoenea Uganda huitwa U2, nayo ni ndugu wa pampu ya Kihindi iitwayo India Mark II. Historia yake yenyewe ni historia ya kushindwa. Katika miaka ya 1960 India ilipata ukame mkali, na mwaka 1967 shirika la UNICEF lilianza kupeleka huko mitambo ya kuchimba visima katika miamba migumu. Visima vikachimbwa kwa maelfu, juu yake zikafungwa pampu za chuma cha kusubu, zilizoigwa kutoka zile za mashamba ya Ulaya na Marekani. Pampu hizo zilifaa familia moja inayovuta ndoo chache kwa siku. Huku India zilikutana na kijiji kizima, kutoka alfajiri hadi usiku. Ukaguzi uliofanywa mwaka 1974 ulionyesha kwamba robo tatu hivi ya pampu zilikuwa zimelala. Fedha zilikwisha kutumika, mashimo yapo, maji yapo chini, na watu wana kiu juu yake.

Wahandisi wangeweza kuwalaumu wanakijiji kwa kuvuta ovyo, na wako waliofanya hivyo. Wenye busara walifungua pampu zilizokufa na kutazama mahali palipolika. Waliona kwamba mpini wa zamani ulikuwa na maungio mengi ya pini, na kila ungio lilikuwa likilika na kulegea. Tena fito inayoshuka kisimani ilikuwa ikivutwa upande badala ya kwenda wima. Tayari fundi mmoja wa misheni huko Sholapur, katika jimbo la Maharashtra, alikuwa amekwisha kutengeneza pampu ya chuma cha kuchomelea yenye ungio moja tu, linalozunguka juu ya beringi zilizofungwa zisiingie vumbi, na mnyororo mfupi unaoivuta fito ikiwa imenyooka. Serikali ya India, UNICEF na kiwanda cha Richardson and Cruddas cha Madras walilichukua wazo hilo, wakalifanyia majaribio katika visima virefu karibu na Coimbatore, kisha mwishoni mwa miaka ya 1970 wakaanza kutoa India Mark II kwa wingi. Michoro yake haikufungiwa kwa hataza. Kiwanda chochote duniani kiliruhusiwa kuitengeneza.

Hiyo ndiyo pampu iliyokuja Uganda katika miaka ya 1980, wakati visima vingi vilikuwa vimeharibika kwa vita na kwa kukosa vipuri. Kuanzia mwaka 1991 mradi wa RUWASA, uliofadhiliwa na Denmark, uliendeleza kazi ya visima katika wilaya za mashariki. Kichwa cha pampu kilistahimili kazi vizuri. Beringi zilidumu, mnyororo ulidumu. Ugonjwa ulihamia mahali ambapo jicho halifiki.

Chini ya kichwa cha pampu hushuka bomba la kupandishia maji, vipande vya mita 3 vilivyounganishwa kimoja kwa kingine, hata mita 45 kwenda chini. Ndani ya bomba hupita fito za chuma, na mwisho kabisa iko silinda yenye pistoni na valvu. Bomba na fito hizo zilikuwa za chuma cha kawaida kilichopakwa zinki. Zinki ni koti la chuma. Katika maji ya kawaida koti hilo hukaa miaka mingi. Katika maji yenye uchachu huyeyuka, na chuma hubaki uchi. Sehemu kubwa ya Uganda imekaa juu ya miamba mikongwe, ya matale na jamii yake, na maji yanayotoka katika miamba hiyo mara nyingi yana uchachu kidogo. Mtu hausikii mdomoni. Chuma huusikia.

Mtaalamu Otto Langenegger, aliyefanya kazi ya visima Afrika ya Magharibi chini ya mradi wa UNDP na Benki ya Dunia katika miaka ya 1980, alipima maji ya pampu nyingi na kuyalinganisha na hali ya mabomba yake. Aligundua kwamba maji yakipungua kiwango cha 6.5 katika kipimo cha uchachu kiitwacho pH, ambacho 7 yake ndiyo katikati, zinki haisaidii tena. Kutu hujitengeneza usiku kucha wakati pampu imelala, na yule anayevuta wa kwanza asubuhi ndiye anayeipokea ndooni. Kwa hiyo maji mekundu ya alfajiri hayakuwa ardhi. Yalikuwa ni bomba lenyewe likitoka kidogo kidogo. Akina mama walikuwa wamekwisha kutoa ushahidi huo miaka mingi kabla ya maabara, kwa rangi ya chai. Hakuna aliyeuandika daftarini kama ushahidi. Uliandikwa kama lawama.

Madhara hayakuishia kwenye rangi. Kutu yenyewe, kwa kiasi kile, si sumu kali, lakini ladha yake humrudisha mtu kwenye maji ya kinamasi ambayo hayana ladha mbaya ila yana vijidudu. Kisha bomba hutoboka, maji huvuja kurudi chini, na mtoto hulazimika kuvuta mpini mara nyingi kabla ya tone la kwanza kutokea. Mwisho ungio hukatika na mabomba yote huangukia shimoni. Hapo fundi wa kijiji, hata awe hodari namna gani, hushindwa, na kisima kilichogharimu fedha nyingi huachwa.

Ajabu ya habari hii ni muda uliopita. Matokeo ya Langenegger yalijulikana katika miaka ya 1980 na kuchapishwa kitabuni mwaka 1994. Hata hivyo mabomba ya zinki yaliendelea kufungwa, kwa sababu bei yake ni nafuu siku ya kununua na kwa sababu aliyenunua si yeye aliyekunywa. Ni mwaka 2016 ambapo Wizara ya Maji na Mazingira ya Uganda ilipiga marufuku matumizi yake katika pampu za mkono, na kuagiza mabomba ya plastiki ngumu au ya chuma kisichoshika kutu. Miaka zaidi ya 20 kutoka kujua hadi kutenda ni mingi mno, na katika miaka hiyo watoto wa shule waliovaa mashati yenye madoa walikuwa wamekuwa wazazi.

Upande wa Kenya mambo yalifuata njia nyingine. Katika Mkoa wa Magharibi wa wakati huo, ambamo Busia ya Kenya ilikuwamo, serikali za Kenya na Finland zilianza mwaka 1981 mradi mkubwa wa visima. Pwani, katika Kwale, kuanzia mwaka 1983 zilijaribiwa pampu chini ya mpango wa UNDP na Benki ya Dunia, mpango ambao ulipima pampu zaidi ya 2,000 katika nchi 17. Huko Kwale, kila kuharibika kuliandikwa: tarehe, kipuri gani, kilidumu muda gani, nani alikitengeneza. Pampu ya Afridev, ambayo mbegu yake ilitoka Malawi, ilikomazwa na madaftari hayo. Bomba lake ni la plastiki, beringi zake ni za plastiki na hubadilishwa kwa bei ndogo, pistoni yake hutolewa juu bila kung'oa bomba, na spana moja yatosha kwa kazi ya kila siku. Wanawake wa Kwale walifundishwa kuifungua na kuifunga wenyewe. Wahandisi walikuwa wameelewa jambo ambalo pampu ya Kihindi, kwa uzuri wake wote, haikulijibu: pampu inayohitaji gari na kikosi cha mafundi kutoka makao makuu ya wilaya hungoja gari.

Askari hatashangazwa na jambo hili. Bunduki hufunguliwa na anayeitumia, si na kiwanda kilichoiunda. Na gari la kikosi lina kitabu chake, ambamo dereva huandika kila hitilafu, hata ile iliyojiponya. Visima vingi havina hata karatasi moja. Fundi huitwa, hubadilisha washa, hupokea ujira na kuondoka, na kipuri kibovu hutupwa kichakani pamoja na maarifa yaliyokuwamo. Miezi mitatu baadaye washa ile ile imelika tena, na hakuna anayekumbuka kwamba ni ya pili.

Chuma peke yake hakiui kisima. Watafiti Edward Miguel na Mary Kay Gugerty, waliochunguza shule na visima vya Busia ya Kenya, walionyesha katika makala yao ya mwaka 2005 kwamba pale ambapo jamii haikuweza kumbana asiyechanga, matengenezo ya visima yalizorota. Hilo ni la kamati na wazee. Mhandisi anaweza tu kuipunguza bei ya kosa lao.

Wala plastiki haikuleta pepo. Ungio likigandishwa na gundi kabla ya kukauka na kusafishwa, huachia. Bomba lililoanikwa juani ghalani kwa miezi huwa jepesi kuvunjika. Fito zisizonyooka husugua ukuta wa bomba mpaka zikalitoboa. Maradhi haya ni mapya, na yatahitaji daftari jipya.

Kwa nyumba inayotumia kisima chenye maji mekundu, iko njia ya kupima isiyohitaji maabara. Chukua chupa mbili safi za kioo. Ya kwanza ijazwe alfajiri, kabla mtu yeyote hajachota. Acha watu wachote madumu 15 au 20, kisha ijazwe ya pili. Zifunike zote mbili na kuziweka mahali pamoja hadi kesho yake, kwa kuwa chuma kingine huonekana tu baada ya maji kukaa hewani. Chupa zote mbili zikiwa nyekundu sawasawa, chuma kimo ardhini, na dawa yake ni kuyachuja maji. Ya kwanza ikiwa nyekundu na ya pili ikiwa nyeupe au karibu na hapo, bomba ndilo linalolika. Chupa hizo zipelekwe kwa fundi wa gombolola pamoja na tarehe ya matengenezo ya mwisho, kabla hajalegeza nati hata moja.