Hedifoni Gani Inamfaa Mwenye Kuhifadhi?



Ndugu zangu wanafunzi, wengi wetu siku hizi tunahifadhi kwa msaada wa simu. Madrasani tunaye mwalimu, lakini usiku nyumbani tunamfuata Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary (1917–1980), aliyekuwa wa kwanza kurekodi Msahafu mzima kwa tartili, mwaka 1961. Kisomo chake ni cha taratibu, kila herufi inatoka mahali pake. Basi ni hasara iliyoje kisomo kile kikifika sikioni kimeshaharibiwa na kifaa! Kwa maoni yangu, tunachagua hedifoni kwa sifa isiyotuhusu.

Sifa hiyo ni besi. Muuzaji akitaka kusifu bidhaa yake huweka muziki, kichwa kikatetemeka, na mnunuzi akatoa pesa. Lakini kinachotenganisha sin, thaa na faa kimo zaidi katika sauti nyembamba za juu, kuanzia kama Hz 4,000 kwenda mbele. Besi ikizidi, huzifunika. Mtu husikiliza juzuu moja mwezi mzima, kisha mbele ya mwalimu anasoma thaa kama sin, naye hana habari. Ukienda dukani omba uwekewe Suratun Naas. Sin zimejaa mle, na swad ya neno suduur iko katikati yake. Kama huwezi kuzitofautisha, rudisha.

Tuje kwenye raha ya kuvaa. Zile ndogo za plastiki ngumu huumiza sikio baada ya nusu saa, na zikilegea tu sauti nzito hupotea, ghunna ikawa kama ya mtu mwenye mafua. Zile kubwa za kufunika sikio lote zina sauti nzuri, ila kwa joto letu la pwani jasho hutiririka, na mwenye miwani hubanwa. Dada zetu wakizivaa juu ya hijabu, kitambaa kizito hunyonya zile zile sauti za juu tunazozitafuta. Kwao naona zinafaa zaidi zile ndogo zenye ncha ya raba, zinazokaa chini ya hijabu bila kubana.

Lakini raba ina tatizo moja ambalo wauzaji hawalisemi. Ziba masikio yote mawili kwa vidole, kisha soma Bismillahi. Umesikia sauti yako inavyovuma, kana kwamba umeingiza kichwa mtungini? Ndivyo unavyojisikia ukirudia nyuma ya Sheikh huku masikio yamezibwa. Utajiona umesoma vizuri, na si hivyo. Kwa kurudia, toa ya sikio moja.

Au tumia zile nyepesi za sponji, zinazokaa juu ya sikio bila kuliziba. Hizi hupitisha hewa, na unajisikia mwenyewe kama ulivyo. Si jambo geni: kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ilitoa hedifoni ya wazi ya namna hiyo, HD 414, mwaka 1968. Mimi nazipa hizi nafasi ya kwanza, ingawa hazizuii kelele, na anayelala karibu nawe atasikia kisomo apende asipende.

Kelele ndiyo inayotufanya tuongeze sauti, na hapo pana madhara. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na watoto desibeli 75 kwa muda huo huo. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda hukatika nusu. Kwa hiyo kwenye daladala afadhali raba na sauti ya chini kuliko sponji na sauti ya juu. Nyumbani usiku, sponji.

Sponji zikichakaa hubadilishwa zenyewe tu. Usitupe hedifoni nzima.

Wabillahi tawfiq.