Si Kila Aliyekonda Kakanyaga Miwaya

Ndugu zangu wa kalamu, leo siandiki juu ya mapenzi. Mapenzi yana waandishi wa kutosha. Leo nataka tugombane kidogo juu ya neno moja tu: kukonda.

Mimi ni mtoto wa Muleba, sasa naishi Kashai, Bukoba mjini. Mjomba wangu aliacha kibanja kilichogawanywa mpaka hakitoshi, akaenda kukata miwa katika shamba moja kubwa, mbali na nyumbani. Wazee wangemwita manamba. Baada ya misimu mitatu alirudi amekonda, suruali kaifunga kwa kamba. Usiku alitoka nje kukojoa mara tano. Mtungi wa maji aliumaliza peke yake. Mguuni alikuwa na kidonda cha panga kisichotaka kupona.

Kijiji kikatoa hukumu kabla ya daktari: "Huyo kakanyaga miwaya." Na sisi wa nyumbani je? Tulimtengea kikombe chake. Mimi, msomi wa ukoo, nikanyamaza. Alipopimwa UKIMWI akakutwa hana, wakasema basi karogwa. Siku alipopimwa sukari, mguu ulikuwa umekwisha kuoza. Ukakatwa.

Najua tulikotoka. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa hapa Kagera mwaka 1983. Tukauita Juliana, tukazika mpaka machozi yakatuisha. Tangu hapo tumezoea kumsoma mtu mwembamba kwa maana moja tu. Lakini jamani, msiba haukutupa ruhusa ya kuwa wajinga!

Tena kuna uongo wa mjini: eti kisukari ni ugonjwa wa wakubwa, wenye vitambi na magari. Nani kasema? Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani lilikitambua kisukari kinachohusiana na utapiamlo. Mwaka 1999 likakiondoa kwenye orodha yake. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likakitambua upya, likakiita aina ya 5. Sidai kwamba hicho ndicho cha mjomba. Nadai kwamba kwa miaka zaidi ya 20 mtu aliyekulia njaa hakuwa na mstari wake hata kitabuni. Na utafiti wa taifa wa mwaka 2012 ulikuta watu wazima kama 9 kati ya 100 wana kisukari. Wote hao ni mameneja?

Waliogundua insulini kule Toronto mwaka 1921 waliuza haki yao kwa dola 1 kila mmoja, ili dawa isiwe ya tajiri peke yake. Leo mjomba anauza mikungu ya ndizi apate chupa moja. Na chupa inataka baridi! Friji hatuna, kambi ya wakata miwa nayo haina. Tunaifukia kwenye chungu cha udongo chenye mchanga uliolowa.

Kwa hiyo nasema waziwazi. Tajiri wa shamba anayempima mtu nguvu za mikono siku ya kumwajiri, ampime na sukari. Tone moja la damu ya kidole linatosha. Ampe na buti, kwa sababu mgonjwa wa kisukari anaweza kujikata mguu asisikie. Na popote mtu anapopimwa UKIMWI, apimwe na sukari palepale.

Nasi waandishi chipukizi tusijitoe. Hadithi zetu ngapi zimemkondesha mtu ukurasa wa pili na kumzika ukurasa wa nne, msomaji akatingisha kichwa kwamba keshajua? Tumefundisha watu kuhukumu kwa macho. Safari nyingine mhusika wako akikonda, usimuue haraka. Kwanza muulize kama ana kiu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mjomba hakuficha kitu. Alikunywa maji mbele yetu sote, mtungi baada ya mtungi, nasi tukamtazama tu.