Headingley: Uwanja Uliokua Pale Pale Ulipoanzia
Uwanja wa raga wa Headingley, Leeds, kaskazini mwa Uingereza, ulifunguliwa mwaka 1890 ukiwa pamoja na ule wa kriketi. Mwaka 1895 klabu ya Leeds, mwenyeji wa uwanja huo, ilishirikiana na nyingine za kaskazini kujitenga na chama cha raga, zikidai wachezaji wafidiwe ujira waliopoteza kazini; ndipo ilipozaliwa raga ya ligi, ambayo baadaye ikawa ya wachezaji 13 kila upande. Fainali ya kwanza ya Kombe la Challenge la raga hiyo ilipigwa Headingley mwaka 1897, Batley ikaifunga St Helens 10-3. Jukwaa la kusini lilikamilika mwaka 1931. La kaskazini liliteketea mwaka 1932, mechi ikiendelea, likajengwa upya. Mwaka 1947 watazamaji 40,175 walifurika kuishuhudia Leeds ikicheza na Bradford Northern, rekodi isiyovunjwa hadi leo. Jukwaa la mashariki liliongezwa mwaka 2006. Kati ya 2017 na 2019 majukwaa ya kusini na kaskazini yalibomolewa na kujengwa mapya, la kaskazini likitazama raga upande mmoja na kriketi upande wa pili. Sasa uwanja huchukua watu wapatao 20,000: wachache kuliko zamani, lakini wenye usalama na starehe zaidi.