Uvira: Robine isipewe namba tu, ipewe na sifa zake

Wakaaji wa Uvira wanajua: maji ya REGIDESO yakikatika, watu wanashuka na bidoni ziwani ao mtoni, kisha kipindupindu kinapanda. Si maneno ya mtaani tu. Utafiti uliotangazwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba baada ya siku za maji kukosekana mjini hapa, wagonjwa wa kuhara waliolazwa waliongezeka.

Vijana wetu wa informatiki wanaweza kuchora mabomba ya mji kama mtandao, kwa programu ya bure ya NetworkX. Kila robine ni nodi. Kila bomba ni uzi unaounganisha nodi mbili. Lakini nodi yenye namba peke yake inasema tu kwamba bomba limefika. Robine kavu inaonekana sawa na ile inayotoa maji.

Ndiyo maana programu hiyo inaruhusu kuipa nodi sifa: kartie, saa za maji kwa siku, familia zinazochota, tarehe ya kukaguliwa. Tarehe ni ya lazima. Mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020, ramani ya jana yake haikufaa tena.

Sifa hizo anazijua mama anayepanga mustari na bidoni yake. Basi wakubwa wa kartie, kutoka Kalundu mpaka Kavimvira, wamuulize na kuandika kila juma. REGIDESO na idara ya afya wazisome. Hapo kompyuta itaonyesha robine zilizokauka siku 3 mfululizo, kabla vitanda vya wagonjwa havijajaa.