Barua ya wazi kwa Riadha Tanzania: Waacheni wakue kwanza

Ndugu Rais na wajumbe wa Kamati ya Utendaji,

Mimi ni kocha wa klabu ndogo ya vijana mkoani Arusha. Nawaandikia kuwaomba muweke umri wa chini unaoruhusiwa katika mbio za barabarani, kisha muusimamie kweli.

Septemba 15, 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya dunia kwa saa 2:09:48, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya nchi yetu katika mashindano hayo. Tangu hapo kila kijana anayekuja uwanjani anataka marathoni, na furaha yao ni yangu pia. Ila Simbu siku ile alikuwa na miaka 33. Suleiman Nyambui naye alichukua medali ya fedha ya mita 5000 Moscow mwaka 1980, na ushindi wake wa marathoni ya Berlin ukaja 1987 na 1988. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia Christchurch mwaka 1974 akiwa na miaka 20, lakini umbali ulikuwa mita 1500.

Watoto wetu wanapelekwa kinyume cha njia hiyo ya umbali mfupi kwanza na marathoni ukubwani. Kijana wa miaka 15 anaingizwa nusu marathoni kwa sababu kuna zawadi ya fedha, na wiki inayofuata anaingia nyingine. Siwalaumu wazazi, ada ya shule ikikosekana nyumbani, fedha ya mbio ni fedha. Anayelipa gharama ni mtoto. Katika umri huo mifupa hurefuka haraka kuliko misuli na kano zinavyoweza kuifuata, na ncha zake bado ni laini. Ndiyo maana wanalalamika maumivu chini ya pia ya goti na kwenye kisigino. Wakilazimishwa kuendelea, mfupa wa muundi unaweza kupata ufa.

Kwa mabinti hali ni nzito zaidi, na haisemwi. Binti anayekimbia alfajiri kwa chai ya rangi na jioni akala ugali mkavu hatoshelezi mwili unaokua. Damu inapungua, hedhi inakoma, mifupa inadhoofu, halafu kocha anamsifu kwamba amekuwa mwepesi. Hedhi ikikoma, huyo ni wa kupumzishwa, kulishwa na kupelekwa kwa daktari.

Klabuni kwetu tunawapima urefu kila mwezi, ukutani, kwa chaki na futi ya fundi. Mtoto akirefuka ghafla tunampunguzia mbio za kasi, anakimbia taratibu kwenye nyasi, anafanya mazoezi ya mwendo na vilima vifupi. Siku ya mapumziko haiguswi. Wadogo wanashindana mpaka mita 3000 na mbio za nyika, basi. Hakuna klabu nchini isiyomudu haya.

Shirikisho la dunia haliruhusu mwenye umri chini ya miaka 20 kukimbia marathoni katika mashindano yake ya dunia. Naomba nasi tushike umri huo kwa marathoni, na miaka 18 kwa nusu marathoni. Cheti cha kuzaliwa kionyeshwe wakati wa kujiandikisha, na mwandaaji anayempa mtoto namba ya kifuani anyimwe kibali mwaka unaofuata. Katazo peke yake halitalipa ada, kwa hiyo waombeni wadhamini wapeleke zawadi za vijana kwenye mbio za nyika za mikoa, na zilipwe moja kwa moja shuleni. Mafunzo ya makocha nayo yawe na somo la ukuaji na afya ya mabinti, likifundishwa na daktari au muuguzi.

Kanuni zikitoka, nakala zifike kwa vyama vya mikoa na kwa walimu wa michezo wanaosimamia michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, kwa sababu wao ndio wanaowaona watoto hawa kabla yetu.

Wenu katika riadha,
Kocha wa vijana, Arusha