Mtoto Anayeuliza Ukoo Wake Asilaumiwe

Hapa Dilala, mjini Kolwezi, kijana akianza kuuliza nkambo wake, yaani babu yake, alitoka wapi, au kwa nini baba ana ndugu Mwene-Ditu, upande wa Kasai, ambao hawatajwi nyumbani, jibu huja haraka: acha mambo ya wakubwa. Akizidi, huambiwa anatafuta urithi. Akizidi tena, huambiwa atavunja jamaa. Maneno haya nimeyasikia kwenye vilio, kanisani na vinywani mwa wazee ninaowaheshimu, na siyakubali. Jamaa nyingi za Kolwezi zilivunjwa kabla huyo kijana hajazaliwa, na mambo yaliyozivunja yanajulikana kwa majina na kwa miaka.

Tuanze na kampuni. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, na mji wetu ukafuata mwaka 1937, kwa ajili ya shaba. Wafanyakazi waliletwa kutoka Kasai, Maniema, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini. Mwanzoni wengi walikuja peke yao kwa mikataba mifupi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikageuza mpango: ilitaka mtu akae kazini miaka mingi, basi ikamtaka awe na mke, ikampa nyumba kambini, posho ya mke na watoto, shule na zahanati. Lakini mke awe mmoja. Aliyeandikwa kwenye karatasi za kampuni alikula posho. Asiyeandikwa hakuwa mtu wa kambi. Mwaka 1950 serikali ya Wabelgiji ikaongeza amri yake ya kupiga vita ndoa za wake wengi.

Sasa mfikirie mwanaume aliyeacha mke na watoto kijijini, akaoa mwingine hapa. Karani anamuuliza: una mke? Una watoto wangapi? Akisema yote, anahatarisha chakula cha nyumba. Akataja wa hapa, akanyamaza juu ya wa kule. Watoto wa kambini wakakua wakiamini kwamba wao ndio wazaliwa wa kwanza, na wale wa kijijini wakakua bila baba. Mengi tunayoyaita aibu za bankambo yaliweza kuanza hivyo, mbele ya meza ya karani, kwa swali ambalo halikuwa na jibu la kweli lisiloumiza. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alitoa mwaka 2001 kitabu kizima juu ya wana wa Katanga walioachwa na baba zao. Anaonyesha jinsi mamlaka ya baba yalivyoegemea mshahara na posho ya kampuni, na jinsi yalivyotikisika kampuni yenyewe ilipoanguka.

Baadaye likaja jambo la majina. Mwaka 1972 Rais Mobutu aliamuru watu waache majina ya Kikristo. Mtu aliyebatizwa Joseph, akaandikwa kazini Joseph, akawa na jina jingine kwenye karatasi zote zilizofuata. Anayetafuta leo anakuta watu wawili pale alipokuwepo mmoja.

Halafu 1992 na 1993. Watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, wakati Gabriel Kyungu wa Kumwanza akiwa gavana. Hapa Kolwezi walirundikana kituoni wakingoja treni, na wapo waliofia njiani. Ndoa za mchanganyiko zilipasuliwa: mume akapanda, mke akabaki na watoto kwao, au kinyume chake. Mama aliyenyamaza wakati ule kuhusu asili ya mumewe alikuwa akiwalinda watoto wake. Simlaumu hata kidogo. Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote za wanaotetea kimya, na naikubali kwa wakati wake. Lakini mtoto aliyelindwa mwaka 1993 sasa ana watoto wake mwenyewe. Wanabeba jina Mbuyi au Kabanga, majina ya mapacha wa Kasai, katika nyumba inayoapa kwamba haijawahi kuwa na mtu wa Kasai. Kwetu mtoto hupewa jina la nkambo ili nkambo asipotee. Utamwambiaje mtoto asiulize, na jina lenyewe linamuuliza kila siku?

Wengine husema kufukua ukoo ni desturi ya Wazungu, wanaotuma mate yao Marekani ili waambiwe walikotoka. Waangalie basi kesi ya wanawake watano, Léa Tavares Mujinga, Monique Bitu Bingi, Simone Ngalula, Noëlle Verbeken na Marie-José Loshi. Mama zao Wakongomani, baba zao Wazungu. Walichukuliwa na serikali ya kikoloni wakiwa wadogo sana, wakapelekwa misheni ya Katende, Kasai. Wangekubali ushauri wa kuacha ya zamani, wangekufa wakiitwa watoto walioachwa na mama zao. Waliuliza. Mwaka 2019 Waziri Mkuu wa Ubelgiji, Charles Michel, aliomba radhi, na Hifadhi ya Nyaraka ya nchi hiyo ikapewa kazi ya kufuatilia mafaili ya watoto kama wao. Mwaka 2021 mahakama iliwakatalia. Tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels ikaamua kwamba Ubelgiji ilitenda uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kimya kilikuwa kimemlinda nani miaka yote ile? Mama walionyang'anywa watoto hawakulindwa nacho.

Kuhusu urithi nitasema wazi, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hukasirika. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 inasema kila mtoto Mkongomani lazima awe na baba, na kwamba hakuna mwenye haki ya kumpuuza mtoto wake, awe wa ndani ya ndoa au wa nje. Mtoto wa nje anahesabiwa pamoja na warithi wa kwanza, lakini kwa sharti kwamba baba alimtambua akiwa hai. Kwa hiyo tabia yetu ya kungoja kilio ndipo siri itoke inamnyima mtoto haki yake, kisha inamwita mwenye tamaa. Anakuja siku ya tatu ya msiba, hana karatasi, wajomba wamekunja nyuso. Ugomvi huo umeletwa na yule aliyekaa kimya miaka arobaini.

Kuuliza nako kuna adabu yake. Ipo mimba iliyopatikana kwa nguvu, na habari ya jinsi ilivyotokea ni ya mama. Akitaka kuificha, aachwe. Jina la ukoo ni la mtoto. Na anayetafuta asitangaze mbele ya umati alichokipata. Aende kwanza kwa mwenye kuhusika, na mzee mmoja wa kuaminika.

Ila asichelewe. Waliofika na treni za Union Minière wamekwisha. Wengi wa wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni iliyorithi Union Minière, walioondoka kwenye mpango wa kuacha kazi kwa hiari wa mwaka 2003 ni wazee sana. Majirani waliokuwa wakijua nani ni mtoto wa nani wanatawanyika: baadhi ya watu wa mtaa wa Kasulo walihamishwa, na sehemu ya mtaa wa Cité Gécamines imekuwa ikihamishwa kupisha mgodi. Vitabu vya ubatizo parokiani bado vipo, na mafaili ya kazi pia, lakini karatasi haisemi kwa nini Joseph hakurudi kwao. Hilo linajulikana na mtu mmoja au wawili walio hai. Na baba mwenye mtoto asiyetajwa nyumbani, ofisi ya etasivili, inayoandikisha watoto, ya komine ya Dilala iko wazi. Aende mwenyewe, akiwa na nguvu za kutia sahihi.