Msamaria aliahidi kurudi



Injili ya Jumapili hii ya 15 ya Mwaka C tumeisikia tangu utotoni: mtu aliyeteremka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko akaangukia mikononi mwa wanyang'anyi (Lk 10:25-37). Sisi wahubiri hupenda kukaa sana kwa kuhani na Mlawi waliopita kando. Tukishawasema hao wawili, tunamsifu Msamaria, tunasema "Nasadiki", tunaendelea. Leo naomba tusogee hadi mwisho wa mfano, mahali ambapo mimi mwenyewe kwa miaka mingi sikuwahi kutua.

Msamaria hakumfunga majeraha yule mtu akamwacha palepale barabarani. Alimpandisha juu ya mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni, akamuuguza. Kesho yake alitoa dinari mbili. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku nzima. Kisha akamwachia mwenye nyumba neno moja kubwa: mtunze, na gharama ikizidi, nitakulipa nitakaporudi. Nitakaporudi. Huruma yake ilikuwa na kesho na kesho kutwa.

Nayasoma maneno hayo nikimkumbuka mtu mmoja wa huku kwetu Kilwa. Sitamtaja jina. Tumwite Fundi, maana ni seremala, mzaliwa wa bara, upande wa Ruangwa, aliyekuja pwani kutafuta kazi kwenye mashua. Fundi alikuwa mnywaji wa kila siku. Msimu wa mabibo alikunywa uraka na nipa. Msimu ukiisha, gongo. Asubuhi mikono ilimtetemeka hata asiweze kushika patasi mpaka azimue. Mkewe alirudi kwao na watoto.

Siku moja alikuja kwangu akilia. Mimi, padre wa miaka mingi, mwenye falsafa na teolojia ya seminari kuu kichwani, nilifanya nilichoona ni chema. Jumapili iliyofuata nilimpigisha magoti mbele ya altare, akaapa mbele ya waamini wote kwamba hatagusa pombe tena. Watu walipiga vigelegele. Nikamwambia aende nyumbani, asali rozari, awe na imani.

Siku ya tatu alianguka degedege. Usiku akaweweseka, akapiga kelele kwamba wadudu wanamtambaa ukutani. Majirani walisema ni majini. Kijana mmoja wa bodaboda ndiye aliyekuwa na akili kuliko sisi sote: alimkimbiza hospitali. Daktari aliniambia jambo ambalo nakuomba, msomaji, ulishike hata kama utasahau mengine yote ya leo. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku, akiacha ghafla bila uangalizi, anaweza kufa. Mwili umeizoea pombe. Ikikatwa mara moja, ubongo unawaka moto. Kutetemeka na kutoka jasho huanza ndani ya saa chache. Degedege laweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza, na kuweweseka kati ya siku ya pili na ya nne. Hospitali wana dawa za kuutuliza mwili hatua kwa hatua, na vitamini ambayo pombe imeimaliza. Kwa hiyo, hospitali kwanza, kiapo baadaye. Nilimwomba Fundi msamaha. Kwa ujinga wangu nusura nimzike.

Jumuiya yake ndogo ndogo ilichanga fedha, akapelekwa kwenye mojawapo ya zile nyumba ambazo serikali huziita nyumba za upataji nafuu, na mtaani tunaziita soba. Huku nchini nyingi zilianzishwa kwa ajili ya vijana wa unga, Zanzibar, kisha Bara, sehemu kama Bagamoyo na Kigamboni. Lakini hupokea na watu wa pombe, na taratibu zake zinafanana. Mtu anaamka mapema, anatandika kitanda chake, anafagia, anapika kwa zamu. Kuna kikao cha asubuhi na kikao cha jioni, ambapo kila mmoja husema ukweli wake bila kukatizwa. Wasimamizi wengi ni watu waliopita njia hiyohiyo, kwa hiyo huwadanganyi. Kila mtu anasali kwa dini yake. Huko si jela. Mahali wanapofunga watu minyororo au kuwachapa viboko kwa jina la tiba au la maombi, mpendwa, usimpeleke ndugu yako, hata kama mlangoni pana msalaba.

Fundi alikaa miezi minne. Alirudi amenenepa, macho meupe, anacheka. Tulimshangilia kanisani kwa mara ya pili. Baada ya Misa kila mmoja akaenda kwake, na Fundi akaenda kwake.

Kwake kulikuwa wapi? Chumba kilekile cha kupanga, ambacho dirisha lake linatazama kilabu cha nipa. Kazi hakuwa nayo. Mke hakuwa amerudi. Rafiki zake wote duniani walikuwa wamekaa mita ishirini kutoka mlangoni pake, na walimpenda kweli. Walimwita kwa upendo. Saa kumi na mbili jioni, giza likiingia, alikuwa peke yake na kuta nne. Alivumilia wiki tano. Wiki ya tano nilimkuta amelala mchangani.

Ndipo nilipoyasikia maneno yetu. "Baba Paroko, tumepoteza fedha bure." "Huyo hana nia." Nami moyoni nilisema hivyohivyo. Lakini Bwana wetu anasimulia habari ya nyumba iliyofagiliwa na kupambwa, ambayo pepo aliyetoka aliirudia akiwa na wenzake saba (Lk 11:24-26). Mathayo anaongeza kwamba aliikuta tupu. Nyumba ya Fundi tuliifagia tukaiacha tupu. Alikuwa na nia. Alichokosa ni mahali pa kuishi. Sisi tulilipa zile dinari mbili, lakini hatukurudi.

Aliyerudi hakuwa mmoja wetu. Alikuwa mzee mmoja Mwislamu wa Kivinje, mwenye karakana ya kutengeneza mashua. Alimkuta Fundi anatoka hospitali kwa mara ya pili, akampa chumba cha uani kwake. Masharti yalikuwa machache. Pombe isiingie humu. Kazi inaanza alfajiri. Chakula cha jioni unakula nasi. Saa tatu usiku mlango unafungwa. Mwisho wa mwezi utatoa kodi, hata kama ni kidogo, ili usijione ombaomba. Na siku ukihisi kiu imekushika, nigongee, hata kama ni usiku wa manane.

Nilikwenda kumshukuru. Alinikaribisha, tukakaa barazani. "Padri," aliniambia, "mashua ikitoka kutengenezwa huiachi ufukweni peke yake. Unaishusha majini polepole, na mtu unamwacha ndani anateka maji, mpaka mbao zivimbe zishikane." Nilinyamaza. Wasamaria na Wayahudi hawakuwa wakichangamana, na Yesu alimchagua Msamaria kusudi. Huku pwani, ambako Wakristo ni wachache kati ya ndugu zetu Waislamu, tuna bahati ya kuuona mfano ule kwa macho.

Bila kujua, mzee yule alikuwa amefanya kile ambacho wataalamu huona ni hatua ya pili ya tiba: makazi yenye usimamizi baada ya nyumba ya upataji nafuu. Watu wachache katika nyumba ya kawaida, kila mmoja anatoka kwenda kazini, anachangia kodi, anafuata saa za kurudi, na yupo mtu wa kumwambia ukweli. Mwaka mmoja hivi, wakati mwingine zaidi. Nyumba ya kwanza humtoa mtu kwenye pombe. Ya pili humfundisha kuishi Jumatatu, Jumanne na siku ya mshahara.

Wala hili si geni katika Kanisa. Mwaka 1939, katika mji wa Akron kule Marekani, mtawa mmoja, Sista Ignatia, alikubaliana na daktari Bob Smith, naye akiwa mlevi aliyeacha, kuwaingiza wagonjwa wa pombe katika hospitali ya Mtakatifu Thomas, wakati hospitali nyingi ziliwafukuza. Katika vikundi vya watu wale ndimo zilimotoka hatua kumi na mbili zinazotumika leo hadi Zanzibar. Na kule Dublin, mfanyakazi Matt Talbot aliweka nadhiri ya kuacha pombe mwaka 1884, akiwa na miaka 28, kwa miezi mitatu tu kwanza. Jioni, saa ambayo wenzake waliingia baa, yeye aliingia kanisani, maana alijua saa yake ya hatari. Alifariki mwaka 1925 akiwa njiani kwenda Misa, na mwaka 1975 Kanisa lilimtangaza Mheshimiwa.

Najua swali lililo moyoni mwako, maana nimeulizwa kwenye halmashauri ya walei. Tuna yatima, tuna wajane, kigango hakina bati; kweli tutumie sadaka kwa watu waliojitakia? Najibu kwa unyenyekevu. Kwanza, Msamaria hakuuliza kama yule mtu alijitakia kwa kusafiri peke yake njia ya wanyang'anyi. Pili, hesabu wale yatima na wajane, uone wangapi wamefikishwa hapo na pombe. Ndiyo, ulevi ni dhambi, na Katekisimu inatukataza matumizi ya pombe kupita kiasi (Na. 2290). Lakini mtu anaweza kuingia mtoni kwa makosa yake mwenyewe, na mkondo ukawa na nguvu kuliko mikono yake. Aliyeko ukingoni hapigi hotuba; anatupa kamba.

Tena tujitazame. Kipaimara, jubilei, ndoa, hata upadrisho: tunahesabu heshima ya sherehe kwa kreti. Padre akitembelea jumuiya, wanamwona hakukaribishwa kama hakuna chupa mezani. Mimi ninakunywa bia moja moja, siwezi kujificha. Lakini siku hizi, Fundi akiwa mezani, mimi nakunywa maji ya dafu. Na wale wanaoogopa Komunyo kwa sababu ya divai wajue kwamba kupokea Mwili pekee ni kumpokea Kristo mzima. Hata padre mwenye ugonjwa huu, askofu wake anaweza kumruhusu aadhimishe Misa kwa mustumu, yaani maji ya zabibu ambayo uchachu wake umezuiwa mapema. Kama Kanisa linamjali mgonjwa wa pombe hadi ndani ya kikombe cha altare, sisi tunamcheka kwa lipi?

Wiki hizi fedha za ufuta zinaingia vijijini. Oktoba itakuja korosho, na mabibo yataanguka chini ya mikorosho, na majungu ya nipa yatawashwa. Sisemi tuwarushie mawe akina mama wanaopika. Wengi wanasomesha watoto kwa jungu hilo, na wengine ni walevi wao wenyewe, nao nyumba za kuwapokea ni chache kuliko za wanaume. Nasema tujiandae. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, na gongo ni haramu kisheria tangu miaka mingi, lakini sheria haimpi mtu chumba cha kulala.

Kwa hiyo naomba mambo madogo, yanayowezekana. Parokia nyingi zina nyumba iliyofungwa: ya katekista aliyehama, ya masista waliohamishwa, ghala lisilo na kitu. Halmashauri iifungue. Vitanda vinne vinatosha kuanza. Atafutwe mwanamume mmoja mzima wa akili, au mama kama nyumba ni ya akina mama, wa kuishi humo. Mganga wa zahanati aombwe kupita kila wiki. Mafundi na wenye vyombo vya uvuvi, Wakristo kwa Waislamu, waombwe kibarua. Jumuiya ipange zamu ya chakula cha jioni, maana jioni ndiyo saa ya vita. Na kabla ya kumleta mtu yeyote anayekunywa kila siku, apite hospitali.

Na akianguka? Ataanguka, baadhi yao. Utaratibu uwe umeandikwa mapema: usiku ule halali humo, kwa ajili ya wenzake, lakini yupo mtu wa kumpeleka hospitali au kwa ndugu, na tarehe ya kurudi kuzungumza imepangwa. Petro alianguka mara tatu katika usiku mmoja, na bado Bwana alimngoja ufukweni na mkate na samaki juu ya makaa.

Fundi sasa ana miezi kumi na minne. Mkewe bado hajarudi; amemruhusu kuzungumza na watoto kwa simu kila Jumapili baada ya Misa. Hajiiti mtu aliyepona. Anasema, "Baba, leo sijanywa," na kesho yake anasema tena. Juzi nilipomtembelea, alikuwa anaondoa vitu vyake katika chumba cha uani. Nikashtuka. Kumbe anahamia chumba cha jirani, kidogo zaidi, ili kile kikubwa apewe kijana mwingine aliyetoka soba wiki iliyopita. Yeye ndiye atakayegongewa usiku.

Bwana wetu alimaliza mfano kwa kumtuma mwanasheria akafanye vivyo hivyo. Hakumwambia apende tu. Leo ukitoka kanisani, tazama ni nani uliyemlipia dinari mbili ukamsahau. Rudi.